Mkono Uliorusha Chupa

Jumatatu, 3 Februari

Mwanangu Ye-chan,

Hujambo huko ndani? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua kwa baridi hii. Dada yako anakusalimu kutoka Busan, ingawa salamu zenyewe amezitoa huku amenuna. Unakula? Unalala? Nimesikia sakafu ya mahabusu inapashwa moto upande mmoja tu, kwa hiyo wahi upande huo kabla ya wenzako. Soksi za sufu nimeziacha dirishani kwa askari, jozi tatu.

Salamu zimekwisha. Sasa nikugombeze.

Jumapili ile tulitoka ibadani saa sita. Mchungaji Bang alikuwa amehubiri saa nzima kwamba hakimu aliyetia saini gavana wetu awekwe ndani ni chombo cha shetani, na sisi tukaitikia amina mpaka koo zikakauka. Mabasi ya kanisa yalikuwa yanangoja nje. Sisi kina mama wa kamati tulikuwa tumejaza chai ya shayiri kwenye zile chupa za chuma zilizoandikwa Miaka Arobaini ya Kanisa, ili msigande huko mahakamani. Mimi mwenyewe nilizijaza. Nikakufunga skafu, nikakwambia nenda ukaimbe, ukaombe, urudi tule supu. Saa tisa nipo dukani napimia mteja kabichi ya kimchi, nainua macho kwenye televisheni, nakuona unapita katika mlango wa mahakama uliovunjwa, mdomo wazi, unapiga kelele. Nikamwagia mteja kimchi mkononi.

Mlinzi wa mahakama, Bwana Pyo, ana miaka hamsini na saba. Jicho lake la kushoto limetolewa. Kilichompiga ni chupa ya chuma, na chupa hiyo ina jina la kanisa letu.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alisoma majina yenu mimbarani akawaita askari wa msalaba. Watu wakapiga makofi. La Bwana Pyo hakulisoma. Nilikaa pale na beji ya cheo changu cha mama mlezi kifuani, nikaona aibu ya kukaa na aibu ya kutoka.

Niandikie ulichofanya. Usiniandikie alichofanya Mungu kupitia wewe. Niandikie wewe, kwa mikono yako, ulifanya nini.

Mama yako

*

Jumatano, 12 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti vipi? Bandika ile plasta ya dawa na uache kubeba magudulia ya kimchi kama kijana. Soksi nimezipata, Mungu akubariki. Mimi sijambo. Tumo sita chumbani, wanne ni wa Jumapili ile. Tunaamka alfajiri kuomba kwa sauti, na mkuu wa chumba, mlevi mmoja aliyegonga watu wawili kwa gari, anatutukana kwamba hata jela hapati usingizi. Askari wananiita 2147. Ndugu wananiita Shujaa. Cheka tu.

Barua yako imenichoma. Kanisani wananiandikia maneno ya kunijenga, watu hata siwajui, halafu mama yangu mzazi ananiandikia kama wale wakomunisti wekundu wanavyoandika kwenye magazeti yao. Kweli, Mama?

Kuhusu yule mlinzi, namwombea. Lakini sikiliza anachosema Mzee Ma. Unajua ni mzee wa kanisa na ni mwanasheria, na ameichukua kesi yangu kama ya mwanawe. Anasema kuvunja mlango na kuingia hakukwepeki, tumeonekana. Jicho ni shtaka jingine, na hilo ndilo zito. Ile video ya kamera ya mlangoni inamwonyesha mrushaji kwa nyuma tu, kofia kichwani, koti refu jeusi kama wanalovaa nusu ya nchi. Ila anarusha kwa mkono wa kushoto. Mimi nakula kwa kulia, naandika kwa kulia, hata jeshini nililenga kwa kulia. Hatua mbili kutoka kwangu alisimama kijana mwingine mwenye koti kama hilo, anaitwa Tak Min-u, anasambaza vyakula kwa pikipiki, naye amekamatwa, si mtu wa kanisa lolote. Huyo ni wa kushoto kwa kila kitu. Mzee Ma anasema Bwana ametufungulia njia.

Kinachobaki ni barua za kumwomba hakimu huruma. Kanisa limeshakusanya mia tisa. Lakini majaji huanza na ya mama. Mzee Ma atakuletea iliyokwisha kuchapwa, wewe ugonge mhuri wa jina lako tu. Unajua mwenyewe mkono wangu ni upi, Mama.

Mwanao akupendaye, Ye-chan

*

Alhamisi, 20 Februari

Ye-chan,

Umeamka salama? Mimi sijaamka salama tangu barua yako ifike.

Ndiyo, naujua mkono wako. Nani aujue kama si mimi? Ulizaliwa wa kushoto. Ulipoanza kushika kijiko bibi yako akasema mtoto huyu atatuaibisha kwenye meza za watu, basi nikawa nakugonga vidole kwa kijiko cha shaba, kila mlo, miaka miwili, mpaka ukahamia kulia huku machozi yanaingia kwenye wali. Hiyo ni dhambi yangu na siifichi. Lakini kijiko changu hakikufika kwenye kurusha. Tulipokwenda kwa wazazi wangu kila sikukuu ya mavuno, ulikuwa unasimama kando ya bwawa unarusha vijiwe virukeruke juu ya maji, na ulivirusha kwa kushoto, kwa sababu pale hakuna aliyekutazama ila mimi. Kama askari wanasoma barua hizi, na wasome. Niwaandikie kwa herufi kubwa?

Niliiangalia ile video mara moja tu. Mara moja ilinitosha. Lile bega nimelizaa mimi.

Halafu unaniandikia "unajua mwenyewe mkono wangu ni upi." We mtoto, huna hata haya! Ungeniomba waziwazi niseme uongo ningekuheshimu kidogo.

Jumanne wamekuja nyumbani: Mchungaji Bang, Mzee Ma na kina mama wanne. Unajua ziara ya mchungaji ilivyo hapa kwetu, siku mbili nahangaika na keki za mchele, namenya matunda, naazima meza kwa jirani. Safari hii sikuweka hata maji. Waliimba, wakaomba, wakaitazama meza tupu, wakaimba ubeti wa pili wakidhani chakula kinakuja. Wakamaliza wimbo wote. Mzee Ma akakohoa, akatoa karatasi. "Mimi mama mzazi nathibitisha kwamba mwanangu ametumia mkono wa kulia tangu kuzaliwa." Chini kuna duara la kugonga mhuri.

Nikasema, "Mhuri umepotea."

"Umepotelea wapi tena, Mama Mlezi?"

"Kwenye amri ya tisa: usishuhudie uongo."

Mchungaji akacheka, akadhani namtania. Nikamuuliza, "Na huyu Min-u je?" Akashusha sauti kama anayeongea na mgonjwa. "Mama Mlezi, yule kijana amekulia kwenye kituo cha yatima. Hana mzazi, hana kanisa, hana wa kumlilia. Miaka michache haitamharibia kitu. Ye-chan ana wito."

Nimekaa katika kanisa lile miaka thelathini na moja, Ye-chan. Nimepika vyakula vya misiba, nimeosha vyoo, nimefunga na kuomba. Sijawahi kusikia maneno machafu kama hayo, na yalitoka kwenye kinywa kinachonipa mkate na kikombe. Niliwafungulia mlango. Viatu vyao walivivalia kwenye ngazi.

Wiki ijayo nakwenda kwa Bwana Pyo. Nimeshauliza anakoishi.

Mama

*

Alhamisi, 27 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na duka linaendelea.

Umeniaibisha. Habari za meza tupu zimenifikia hata huku, Mzee Ma alinisimulia kwa hasira. Watu wanaonipigania unawafukuza, kisha unakwenda kumpigia magoti mtu aliyesimama upande wa hakimu yule.

Sasa niulize na mimi, maana wewe unajua sana kuuliza. Nani alinipeleka kwenye mikutano nikiwa na miaka mitano, nimebebwa mgongoni, bendera mkononi? Nani kila vuli, kwenye ibada ya kumkumbuka babu mkubwa, alitusimulia jinsi wekundu walivyomtoa kanisani wakati wa vita wakamuua kwa nguzo ya uzio? Miaka yote, wimbo uleule, sala ileile, halafu supu. Nilikuwa silali, Mama. Nani aliniambia hao watu bado wapo, wamevaa suti tu, wamekaa bungeni na mahakamani, ni watoto wa shetani? Umenijaza mwenyewe kama ulivyojaza zile chupa. Leo nimemwagika unashangaa!

Na huyo Min-u usimfanye malaika. Alikuja kupiga picha za kurusha mtandaoni, apate watazamaji.

Kwa kuwa unakwenda kwa huyo mlinzi, nimekuwekea humu barua ya kujutia. Simaanishi kwamba nilifanya. Mzee Ma anasema inasaidia, hakimu hupenda kuona mshtakiwa amegusika moyo. Mpe, usiongeze maneno yako.

Mwanao

*

Jumapili, 9 Machi

Ye-chan,

Sitaki kujua umeamkaje. Kula tu, usije ukaugua.

Nilikwenda. Wanakaa nyuma ya kituo cha mabasi, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Nilipofika juu goti lilikuwa linapiga. Mke wake akanipa mto wa kukalia na chai ya tangawizi, mimi mama wa mshtakiwa. Bwana Pyo amevaa kibandiko jichoni. Ukutani wana msalaba kama wetu. Ni shemasi wa kanisa dogo palepale mtaani, watu arobaini. Na ujue jambo hili, ulimeze: yeye alimpigia kura gavana wako mara mbili. "Mimi ni mtu wenu," akaniambia. "Nilisimama mlangoni kwa sababu ndiyo kazi yangu. Angekuwa hakimu au gavana ndani, ningesimama vilevile."

Nikatoa barua yako kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa mpaka sakafuni. Jicho lililobaki linachoka upesi, kwa hiyo mkewe akasoma kwa sauti. Mwanzo vizuri, nimekosa, sistahili, machozi yangu usiku na mchana. Halafu akafika hapa: "Kuanzia leo nimeapa sitashika usukani tena, na kila nikiona taa za breki nitamkumbuka mhanga."

Mkewe akaisogeza karatasi karibu na macho. Akarudia mstari, akidhani amekosea kusoma. Bwana Pyo akageuza shingo yote ili anitazame kwa lile jicho moja. "Mama," akasema, "mimi nilipigwa chupa. Kulikuwa na gari pia?"

Umenakili barua ya yule mlevi wa chumbani kwako! Umechukua majuto ya mtu mwingine ukayatia sahihi yako, na hata kuyasoma hukuyasoma. Huyo mlevi amekuzidi. Yeye angalau aliandika usukani kwa sababu alishika usukani.

Nilitamani sakafu ipasuke. Yule mzee hata hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua. Akasema, "Sihitaji barua. Namhitaji aliyerusha aseme nilirusha mimi. Basi. Siku hizi nikimwona mtu sokoni kashika chupa ya chai, miguu inakufa ganzi, kwa sababu sijui ni nani. Nikimjua mmoja, wengine nitawaacha wapite." Mkewe akaniuliza, "Na wewe mama, unaamini ni yule kijana wa pikipiki?" Nikanywa chai yao. Ye-chan, nilikunywa chai yao na sikujibu. Nilishuka ngazi zile nikijitukana kila hatua.

Sasa kuhusu maneno yako. Umesema kweli. Mimi ndiye niliyekujaza. Nimekaa na maneno yako wiki nzima nikitafuta pa kuyakana, sikupaona. Kuna hata zaidi, kwa sababu nilikusimulia nusu. Babu aliuawa kwa nguzo ya uzio, hiyo ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba jeshi liliporudi, baba yangu na vijana wa kanisa waliwachukua watu kumi na mmoja wa kitongoji cha juu, wawili wakiwa wanawake, wakawafunga mikono kwa waya wakawatumbukiza bwawani. Bwawa lilelile la vijiwe vyako. Baba aliniambia akiwa anakufa, na akaniambia nisiseme. Kila vuli nikasimama mbele yenu na Biblia nikasimulia babu mmoja, nikaacha watu kumi na mmoja chini ya maji. Nilidhani naulinda ukoo. Kumbe nilikuwa nakutengeneza wewe.

Kwa hiyo nina hasira na baba yangu, nina hasira na Mchungaji Bang, nina hasira na mimi. Lakini chupa uliirusha wewe, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, na hakuna nusu ya hadithi yangu iliyokushika mkono siku ile.

Kesi inasikilizwa tarehe 27. Una siku kumi na nane.

Mama

*

Jumamosi, 15 Machi

Mama,

Habari za huko. Mimi mzima.

Nimesoma. Habari za bwawa pia. Ungeniambia nikiwa mtoto, au usingeniambia kabisa.

Usije mahakamani tarehe 27. Ukija na ukafungua mdomo, ujue huna mtoto wa kiume. Nasema nikiwa na akili zangu. Mzee Ma anasema hiyo miaka inaweza kufika sita. Utakuwa na sitini na saba nikitoka. Fikiria nani atakubebea hayo magudulia.

2147

*

Jumatatu, 24 Machi

Kwa mwanangu, ambaye ana jina,

Natumaini mafua yamekwisha, askari wa dirishani aliniambia unakohoa.

Wiki iliyopita niliomba kumwona Min-u. Alikubali kwa udadisi tu. Akakaa upande wa pili wa kioo, mwembamba, masikio mekundu kwa baridi. "Mama, we ni nani?" Nikasema mimi ni mama wa Ye-chan. Akasema, "Ahaa, yule Shujaa." Nikamuuliza anahitaji nini. Akafikiri sana, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Soksi," akasema. Nikamuuliza kwa nini aliingia mle ndani. Akasema aliona umati, akadhani kutakuwa na picha nzuri, akaingia. "Ni ujinga wangu, nitaulipia. Ila chupa sikurusha. Nimeshamwambia kila mtu, wananiambia onyesha unavyoandika, nikiandika wanaitikia kwa kichwa." Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono ule wa kushoto, na askari aliyesimama nyuma yake akautazama ule mkono. Hata kujifuta machozi kunamhukumu! Dakika kumi zikaisha.

Jumapili wakati wa matangazo nilisimama kanisani. Nikasema tuombe kwa ajili ya Pyo, na Tak Min-u, na mkono uliorusha. Mpiga kinanda akaanza kupiga katikati ya maneno yangu. Mama mmoja wa kamati yangu, niliyemfungia mwanawe zawadi za harusi kwa mikono hii, akaniambia, "Keti, mwekundu we." Sikuketi. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaacha Biblia kwenye kiti kwa hasira, na sijairudia.

Hii ndiyo barua niliyomwandikia hakimu. Nakunakilia neno kwa neno, usije ukasema nilikuvizia.

"Mheshimiwa Hakimu. Mimi Geum-ok ni muuza vitoweo sokoni na ni mama wa mshtakiwa Ye-chan. Watu mia tisa wamekuandikia kwamba mwanangu ni mtu wa kulia. Mwanangu anakula na kuandika kwa kulia kwa sababu nilimpiga akiwa mdogo. Akirusha kitu, anarusha kwa kushoto. Nimemwona maisha yake yote. Katika ile video namtambua mwanangu. Chai iliyokuwa ndani ya chupa niliipika mimi. Sikuombi umwachie. Nakuomba usimfunge mtoto wa mtu mwingine kwa niaba yake, na kama mtu huyo hana mtu, basi niandike mimi."

Nimegonga mhuri wangu. Haukuwa umepotea. Sina nakala nyingine, duka la nakala ni la mwanakwaya na sikutaka aisome. Nitaipeleka mwenyewe Alhamisi saa nne. Kabla ya saa nne una nafasi ya kusema wewe. Ningependa useme wewe. Mungu anajua ninavyopenda useme wewe, nisigeuke kuwa mama aliyemfunga mwanawe.

Mama yako, utake usitake

*

Ijumaa, 28 Machi

Mama,

Sijui unaendeleaje. Je, mkono umeteguka? Nilikuona ukiushika.

Nakuandikia jinsi ilivyokuwa upande wangu, maana ulitolewa kabla haijaisha.

Waliponiingiza ukumbini, mlango wa kwenda kwenye korido ulikuwa wazi. Nikakusikia kabla ya kukuona. Ulikuwa unasema, "Niachieni, nina barua ya hakimu," na kina mama wa kamati wamekushika mikono yote miwili, wanaimba. Wanaimba, Mama, wanatabasamu, wamekushika kama unaumwa. Mzee Ma akaichukua bahasha mkononi mwako, taratibu, akaitia ndani ya koti lake, akarekebisha tai. Ukamrukia. Wakakuvuta nyuma, goti likakuacha, ukaanguka kwenye ile sakafu ya mawe na hakuna aliyeinama. Yule uliyemfungia mwanawe zawadi alikuruka kwa mguu ili aingie awahi kiti. Kisha walinzi wakaja, na waliyemtoa nje kwa fujo ni wewe.

Mzee Ma akaingia, akakaa pembeni yangu, akaniambia sikioni, "Amekwisha kutulizwa. Bwana ni mwema."

Nilikuwa na barua yako ndani ya shati, hiyo ya tarehe 24. Nilijua nakala iliyobaki duniani ni yangu. Nilijua pia kwamba ungeandika nyingine kesho yake, nakufahamu, lakini kesho yake Min-u angekuwa ameshahojiwa na kubebeshwa shtaka la jicho. Alikuwa kizimbani upande wa pili. Mwanasheria wake aliyepewa na mahakama alikuwa anamwita kwa jina lisilo lake.

Nikasimama. Hakimu akaniambia niketi. Nikasema, "Nilirusha mimi. Kwa mkono wa kushoto." Nikaitoa barua nikampa karani. Mzee Ma alinivuta koti mpaka mshono wa bega ukafumuka. Nyuma walikuwa wanapiga kelele, sijui kama ni za kunizomea au kumzomea hakimu, zinafanana.

Bwana Pyo alikuwa mstari wa mbele. Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vyake.

Usifurahi. Sikufanya kwa ajili yake. Wala kwa ajili ya Min-u, wala Mungu. Nilifanya kwa sababu walikuangusha na wakakuruka. Kama wangekuinua, labda ningenyamaza. Nataka ujue hivyo, usije ukanisimulia kwa watu kama ushuhuda.

Na wewe bado nimekukasirikia. Usije kunitazama. Nikiwa tayari nitakuandikia.

Ye-chan

*

Jumanne, 29 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mkono wangu haukuteguka, ulipata michubuko tu, sasa umepona. Goti ndilo lilelile. Koti lako lililofumuka, ambalo mahakama imenirudishia, nimeshalishona.

Nimekaa mwezi mzima nikingoja uwe tayari. Hukuandika. Hukumu imetoka Alhamisi, nami nilikuwepo, safu ya mwisho, na wewe hukugeuka. Miaka minne na miezi sita. Min-u amepewa kifungo cha nje kwa kuingia bila ruhusa, ametoka siku hiyohiyo. Alinipita kwenye ngazi akainamisha kichwa, mimi nikainamisha changu, akaenda zake. Sikumkaribisha chakula. Ningemkaribisha ningekuwa najisafisha.

Mzee Ma amejiondoa kwenye kesi, hilo unalijua. Usilolijua ni hili: Jumapili ileile baada ya wewe kusimama, gazeti la kanisa lilitoka bila jina lako kwenye orodha ya maombi. Wengine wote wapo. Dada yako aliliona mtandaoni akanipigia analia, yeye ambaye hata kukusalimu alikuwa anakusalimu kwa kununa. Ulipokuwa mwongo walikuombea kila alfajiri kwa jina, ukasema kweli mara moja tu, hawakujui. Nimewaandikia barua kurasa tatu, nikarudisha na beji ya cheo changu pamoja nayo. Maneno mengine niliyoandika si ya mama wa kanisa. Sijatubu bado.

Nilipanda tena zile ngazi za ghorofa ya nne. Bwana Pyo amesema sasa anaweza kupita sokoni. Nikamuuliza, bila haya, kama amekusamehe. Akasema, "Bado. Usiniharakishe, mama. Nyinyi watu wa makanisa makubwa mna haraka sana." Mkewe akaniongezea chai. Sikumharakisha. Ninakwenda ibadani kwao sasa, watu arobaini na mimi, nakaa nyuma. Bwana Pyo hukaa mbele, na kuna siku hanisemeshi. Siku nyingine hunisemesha.

Umesema hukufanya kwa ajili ya Mungu. Sawa. Nimesoma mstari huo mara nyingi, na sitausimulia kwa mtu kama ushuhuda. Ulisimama kwa sababu mtu alianguka na watu wakamruka. Mlangoni pa mahakama ile siku ile ya kwanza pia kulikuwa na mtu ameanguka, ameshika jicho, na wewe ulimruka ukaingia ndani. Nimeuona mguu wako kwenye televisheni. Hilo ndilo nitakalokugombezea, na halitoshi kwenye karatasi.

Kwa hiyo usiniambie nisije. Jumanne ijayo saa nne nitakuwa dirishani. Ukikataa kutoka, nitakaa kwenye benchi dakika zangu kumi nimgombeze askari badala yako, na Jumanne nyingine nitarudi, mpaka hao askari wenyewe wakuburute uje kunisikiliza.

Mama yako